Mti hausikii baridi, lakini mfiwa hupita hapo



Katika miji mingi ya Ulaya, Marekani na Australia wapo watu wanaofuma sweta kwa ajili ya miti. Si mzaha. Wengi wao ni wanawake, wazee kwa vijana, pamoja na wanaume wachache. Hushika sindano zao au kroshia, vilevile kama mama zetu wanavyofuma vitambaa vya makochi, wakatoa vipande virefu vya rangi mbalimbali. Kisha alfajiri, watu wakiwa bado wamelala, huenda kuvivisha vitu vya barabarani: shina la mti, nguzo ya taa, benchi la kituo cha basi, reli za daraja. Mtu akipita kwenda kazini anakuta ile nguzo ya chuma aliyoizoea miaka yote imevaa mistari ya njano na nyekundu, imeshonwa vizuri kwa nyuma isivuke. Mara nyingi hakuna jina la aliyefanya, na hakuna kinachouzwa.

Anayetajwa zaidi kuwa chanzo cha mtindo huu ni Magda Sayeg wa Houston, Texas. Mwaka 2005 alifuma kipande kidogo akakivisha kwenye mshikio wa mlango wa duka lake, kwa sababu alichoka kuona chuma na saruji kila upande, akataka macho yake yapate kitu chenye joto la mkono wa mtu. Wapita njia wakaanza kuingia dukani kuuliza. Akahamia kwenye nguzo ya alama ya barabarani iliyokuwa karibu, na kutoka hapo mambo yakasambaa. Tangu mwaka 2011 wafumaji hawa wana hata siku yao ya kimataifa, mwezi Juni. Kwa Kiingereza wameliita jambo lenyewe kwa jina lenye neno "bomu" ndani yake. Silipendi. Lauren O'Farrell wa London naye aliona linatisha, akachagua kusema "tufani" ya uzi. Afadhali tufani, hiyo hupita. Mimi nitaita tu uzi wa barabarani.

Najua swali lililokwisha kukujia, hasa kama unasoma gazeti hili ukiwa Makete au Njombe, ambako mwezi Julai watoto huenda shule asubuhi kwenye baridi kali na baadhi yao hawana sweta. Mti hausikii baridi. Nguzo haisikii baridi. Inakuwaje mtu mwenye uzi na mikono miwili amwache mtoto akitetemeka, avishe chuma? Mtume Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, hana huruma na mtu anayemwona ndugu yake hana nguo akamwambia aende salama akaote moto. Kwa hiyo swali ni la Kikristo kabisa na halifai kurukwa.

Jibu langu lina sehemu mbili. Ya kwanza ni fupi: aliye uchi avishwe kwanza. Kama una uzi wa sweta moja na jirani ana mtoto asiye na sweta, huhitaji padri akuambie la kufanya.

Ya pili ni ndefu kidogo. Njaa na baridi havimalizi mahitaji ya binadamu. Pale Bethania, Maria alimmiminia Yesu marhamu ya thamani ya dinari mia tatu, karibu ujira wa kibarua wa mwaka mzima. Yuda akauliza kwa nini hayakuuzwa maskini wakapewa. Kuuliza hivyo peke yake hakumfanyi mtu kuwa Yuda. Maskini walikuwepo kweli, kama walivyopo leo. Lakini pale mezani palikuwa na mtu aliyekuwa anakwenda kufa siku chache baadaye, na kati ya wote waliokuwa wanakula naye ni mwanamke mmoja aliyefanya kitu juu ya hilo. Hakutoa neno la kumtia moyo. Alitumia mikono yake, na nyumba nzima ikajaa harufu. Yesu mwenyewe alimtetea, akasema wazi kuwa jambo hilo linahusu maziko yake.

Kisha yuko Tabitha wa Yopa, ambaye Wagiriki walimwita Dorkasi. Soma Matendo ya Mitume sura ya 9 taratibu. Luka anatuambia mama huyu alikuwa na matendo mengi mema, akaugua, akafa, wakamlaza ghorofani. Petro alipofika, wajane walimzunguka wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi ambayo Dorkasi aliwashonea alipokuwa pamoja nao. Hawakumsomea Petro wasifu wa marehemu. Walishika nguo. Nguo hizo zilikuwa zimewafunika miili, na sasa katika msiba zikafanya kazi ya pili, zikawa kitu cha kushika wakati maneno yamekwisha. Na angalia jambo moja ambalo wahubiri wengi hulipita: katika habari yote hiyo Luka hatuandikii hata neno moja lililotoka kinywani mwa Tabitha. Tunaijua kazi ya mikono yake tu.

Hapo ndipo uzi wa barabarani ulipoanza kunivutia mimi, padri ambaye kazi yangu kubwa ni kusema.

Maana sisi tuna tatizo la maneno mengi kwenye misiba. Nimesimama makaburini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na utaratibu unajulikana: mwakilishi wa ukoo, mwakilishi wa ofisi, mwakilishi wa chama, mwakilishi wa majirani, salamu za rambirambi zikisomwa kutoka kwenye karatasi, kisha mahubiri. Kila mmoja anamwambia mjane ajikaze. Kila mmoja anamwambia kazi ya Mungu haina makosa. Wakati huo mjane ameketi kwenye kiti cha plastiki, jua la saa tisa limemkalia, hasikii chochote. Marafiki watatu wa Ayubu walifanya vizuri sana siku saba za mwanzo. Walikaa naye chini mchana na usiku bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu, na mwisho wa kitabu Mungu mwenyewe anawakasirikia.

Tatizo la pili ni kwamba faraja yetu ina tarehe ya kwisha. Tanga huanuliwa, arobaini hupita, maturubai hurudishwa, na mama anabaki na chumba kitupu mwezi wa tatu, wa tano, wa tisa. Hapo hakuna mwakilishi. Lakini bado anatoka kwenda sokoni, anasimama kituoni kusubiri daladala, anapita kwenye mti uleule. Mtu aliyefiwa anaishi barabarani kama watu wengine, akiwa na uso wa kawaida, na hakuna anayemjua. Faraja ikikaa barabarani, kuna uwezekano ikamkuta.

Hebu tuone kilichotokea Uingereza mwaka 2020. Ugonjwa wa Corona ulipoingia, kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Julai hapakuwa na Misa ya waumini makanisani. Mazishi yalihudhuriwa na watu wachache waliohesabiwa. Wazee na wagonjwa walitakiwa wasitoke kabisa ndani ya nyumba, na wengine waliruhusiwa kutoka mara moja kwa siku kunyoosha miguu. Sasa Uingereza ina masanduku ya posta mekundu kwenye kona za mitaa, ya chuma, ya mviringo, kimo cha mtu. Katika miezi ile na iliyofuata, masanduku hayo yakaanza kuvikwa kofia za kufumwa: juu ya kofia vikaragosi vya wauguzi, upinde wa mvua, kondoo, maua, na Noeli ilipofika, pango la Bethlehemu lenye mtoto, mama na punda. Desturi yenyewe ilianza kabla ya Corona, lakini ugonjwa ndio ulioitawanya nchi nzima.

Kinachonigusa katika habari hii ni nani aliyekuwa anamfariji nani. Aliyefungiwa ndani, ambaye jamii ilimwona ni mtu wa kuhurumiwa tu na kuletewa chakula mlangoni, ndiye aliyekuwa na muda, uzi na ujuzi wa mikono. Kofia ikatoka nyumbani kwake kumfariji mwenye miguu mizima. Mtakatifu Paulo anapoanza barua yake ya pili kwa Wakorintho anaeleza mwendo huohuo: Mungu anatufariji katika dhiki zetu ili sisi tuweze kuwafariji walio katika dhiki ya namna yoyote. Tunapowatembelea wagonjwa wetu Ijumaa ya kwanza ya mwezi na Komunyo, ni mara ngapi tumewahi kuwaomba wao watupatie kitu? Bibi ambaye macho bado yanaona sindano anaweza kuwa mhudumu wa parokia kuliko mjumbe wa kamati anayelala mikutanoni.

Miaka sita kabla ya Corona, ndugu zetu Wamethodisti wa North Shields, kaskazini mashariki mwa Uingereza, walikuwa wamekwisha kulifanya jambo hili kuwa utume kamili. Kipindi cha Noeli mwaka 2014 waumini walifuma malaika wadogo wa uzi, zaidi ya 2,000, wakiwafungia vikaratasi vyenye ujumbe wa Noeli, kisha wakawaacha usiku kwenye mabenchi, vituo vya mabasi, kuta na uzio wa mji wao. Aliyemkuta malaika alikuwa huru kumchukua. Mwaka uliofuata makanisa mengine yakaiga, ya madhehebu mbalimbali. Napenda kwamba hawakusimama pale na kipaza sauti kumngoja anayeokota. Walimwacha mtu na malaika wake, na wao wakaenda kulala.

Nisije nikaeleweka kwamba kila uzi barabarani ni faraja. Mwaka 2006 msanii Marianne Jørgensen wa Denmark alifunika kifaru cha kivita kwa vipande zaidi ya 4,000 vya rangi ya waridi vilivyofumwa na watu wa nchi kadhaa, akakiweka Copenhagen mbele ya jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa, kupinga nchi yake kushiriki vita ya Irak. Hilo lilikuwa karipio, na karipio lina nafasi yake. Mwezi Desemba 2010, uchumi wa Marekani ukiwa bado unachechemea, msanii anayejulikana kwa jina la Olek aliivisha ile sanamu maarufu ya fahali wa New York vazi zima la waridi na zambarau kama zawadi ya Noeli kwa mji. Halikumaliza hata asubuhi, mtunzaji alilichana. Nakiri kazi kama ile inafurahisha macho, ila mtu aliyepoteza nyumba kwa mikopo ya benki sijui kama alipata cha kushika pale. Ukubwa na picha za magazeti havimfikii mwenye huzuni. Malaika wa kiganja anamfikia.

Kipimo changu basi ni hiki: je, aliyefuma alikuwa na mtu moyoni alipokuwa anafuma? Mwaka 1998, wanawake wawili waliokuwa wamepitia masomo ya uongozi katika seminari ya Hartford, jimbo la Connecticut, Janet Bristow na Victoria Galo, walianza kufuma shali huku wakimwombea atakayeivaa, tangu mshono wa kwanza hadi wa mwisho. Shali moja ni saa nyingi, pengine wiki. Hiyo ni novena ya vidole. Leo kuna parokia nyingi, zikiwemo za Kikatoliki, ambako mgonjwa wa saratani au mama aliyefiwa huvikwa shali ya namna hiyo, akiambiwa tu kwamba aliombewa ndani yake. Mtu hawezi kuombewa saa arobaini kwa hotuba. Hata malaika wangesinzia.

Nataka tusimame zaidi kwenye kazi moja ambayo si ya kufuma bali ya kushona, kwa sababu inatuhusu moja kwa moja. Mwaka 1987 watu wa San Francisco walikuwa wanakufa kwa Ukimwi, wengi wakiwa vijana. Familia nyingine hazikutaka hata kutaja chanzo cha kifo, na zipo nyumba za maziko zilizokataa maiti. Miaka miwili kabla yake, katika maandamano ya mishumaa, mwanaharakati Cleve Jones aliwaomba watu waandike majina ya marafiki zao waliokufa, wakayabandika ukutani kwenye jengo la serikali. Akautazama ukuta ule akaona unafanana na blanketi la viraka la bibi yake. Ndipo likaja wazo. Kila marehemu ashonewe kipande cha kitambaa chenye futi 3 kwa futi 6. Kipimo hicho ni cha kaburi. Tarehe 11 Oktoba 1987 vipande 1,920 vilitandazwa kwenye uwanja mkuu wa Washington, na watu wakatembea katikati yake wakitafuta jina la mtu wao. Leo vipande vinakaribia 50,000. Kuna vilivyoshonewa suruali za marehemu, tai, vidoli, barua.

Sasa turudi kwetu. Wagonjwa watatu wa kwanza wa Ukimwi nchini walithibitishwa mkoani Kagera mwaka 1983. Wale wa rika langu wanakumbuka jina la kwanza ambalo ugonjwa ule ulipewa kule: Juliana. Lilikuwa jina la nguo, aina ya shati lililoletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na watu wakaona waliolivaa ndio wanaougua. Tazama basi vitambaa viwili. Cha kwetu kilibeba lawama na mnong'ono. Kule ng'ambo kitambaa kilibeba jina kamili la mtu, herufi kubwa, mchana kweupe. Sisi tulizika kwa kusema marehemu aliugua kwa muda mrefu, tukanyamaza hapo, na mabibi wakabaki na wajukuu wanne, watano, sita. Hakuna aliyewapa mabibi wale mahali pa kulia hadharani. Wengi wao wameshakufa bila kulia.

Siandiki haya kulaumu Kagera, ambako masista na makatekista walifanya kazi ya kishujaa kuuguza watu majumbani. Nasema kwamba huzuni isiyo na mahali pa kwenda haipotei. Inakaa ndani, mtoto anairithi bila kujua ni ya nani.

Australia wanatupatia mfano ulio karibu na kile ninachotaka kupendekeza. Mwaka 2013 wanawake wawili, Lynn Berry na Margaret Knight, waliamua kufuma maua 120 ya popi, yale mekundu yanayokumbusha waliokufa vitani, kwa heshima ya baba zao waliopigana Vita Kuu ya Pili. Walitaka kuyapanda Melbourne siku ya kumbukumbu ya mwezi Novemba. Wakawaambia rafiki zao, rafiki wakawaambia wengine. Wakaanza kuota maua 5,000. Ilipofika tarehe 25 Aprili 2015, miaka 100 tangu askari wao waliposhuka Gallipoli, walitandaza Melbourne maua zaidi ya 250,000 yaliyofumwa na watu wapatao 50,000. Mengi yalifumwa kwa ajili ya mtu fulani: babu, mjomba, jirani ambaye hakurudi. Kila anapopita mtu anaona zulia jekundu, na mama mmoja katika umati anajua kwamba ua la tatu kutoka pembeni ni la kaka yake. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam imesimama tangu 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza, na maelfu ya wapagazi wale hawana jina popote wala ua.

Huenda Mkatoliki mmoja akaona haya mambo ya nyuzi ni ya kigeni. Afungue shati lake. Kama amevaa skapulari ya Mama wa Mlima Karmeli, basi amevaa vipande viwili vya sufu ya kahawia juu ya kifua na mgongo, kama ishara ya ulinzi wa Mama. Maaskofu wakuu wetu huvaa juu ya kasula ukanda mweupe wenye misalaba myeusi uitwao paliumu. Umefumwa kwa sufu ya kondoo, na kila tarehe 21 Januari, sikukuu ya Mtakatifu Agnes, wana-kondoo hubarikiwa Roma kwa ajili hiyo, kisha paliumu hutolewa siku ya Petro na Paulo. Sufu ile inamkumbusha mchungaji kwamba kondoo hubebwa mabegani. Mtoto akibatizwa tunamvika nguo nyeupe. Na pale msalabani, askari walipogawana mavazi, waliiona kanzu ya Bwana haina mshono, imefumwa kipande kimoja tangu juu hadi chini, wakaogopa kuichana. Mikono ya mtu iliifuma kanzu ile. Wakristo wa zamani walipenda kuamini ilikuwa ya mama yake. Injili haisemi, lakini nani atawakataza kuamini?

Yapo mambo ya kuangalia. Uzi mwingi unaouzwa madukani ni wa akriliki, yaani plastiki. Ukiachwa nje miaka miwili unageuka kamba chafu iliyokwama kwenye mti, na mti wenyewe ukikua unabanwa. Anayevisha lazima awe ndiye atakayevua. Mali ya manispaa au ya mtu binafsi iombewe ruhusa, hata kama wenzetu wa mwanzo walifanya kwa kuvizia usiku. Na tafadhali, simu zikae mfukoni. Bwana ametuonya juu ya wanaopiga tarumbeta wakitoa sadaka, na siku hizi tarumbeta inapiga picha.

Pendekezo langu ni la mwezi Novemba, mwezi tunaowaombea marehemu wote. Parokia nyingi zina makaburi yenye uzio, au angalau ukuta wa kanisa upande wa barabarani. WAWATA wana mama wanaofuma kila kigango, na masista waliwafundisha mabinti kufuma tangu enzi za maarifa ya nyumbani. Ujuzi upo, umelala kwenye makochi. Kuanzia Septemba kila Jumuiya Ndogo Ndogo ikae jioni moja kwa wiki baada ya sala, wafume maua ya ukubwa wa kiganja, kwa uzi wa pamba ambao hauchafui ardhi. Asiyejua afundishwe na bibi, na watoto wa Utoto Mtakatifu wakate na kufunga. Tarehe 2 Novemba baada ya Misa, kila mmoja afunge ua lake kwenye waya wa uzio. Asiulizwe ni la nani. Kusiwe na risala, na mwenyekiti asikaribishwe kusema machache.

Nina watu fulani mawazoni ninaposisitiza asiulizwe. Kuna mama aliyejifungua mtoto amekwisha kufa, akazikwa jioni ileile na wazee wawili, hakukuwa na tanga, hakukuwa na rambirambi, na kesho yake akaambiwa ni bado kijana atapata mwingine. Kuna ambaye mimba ilitoka na mume hajui. Kuna baba ambaye mwanae alijiua, na mpaka leo anakaa benchi la nyuma kabisa kwa aibu. Kuna aliyemzika ndugu kwa jina la ugonjwa ambao haukuwa wenyewe. Hawa hatukuwafariji, maana desturi yetu ya kufariji haina ukurasa wao. Wao ndio watakaokuja saa kumi na mbili jioni, wakati watu wameshaondoka.

Maua yakae mwezi mzima. Mvua za vuli zitayalowesha na jua litayakausha. Jumamosi kabla ya Dominika ya kwanza ya Majilio WAWATA wayaondoe. Anayelijua lake alichukue nyumbani. Yatakayobaki, kwa kuwa paroko atakuwa ameyabariki, yachomwe na majivu yake yafukiwe ndani ya uzio, kama tunavyofanya kwa vitu vitakatifu vilivyochakaa.